Makapi ya Gathiru

Mwalimu Naftaly Gachanja alipotaka kupunguza darasa alileta ungo.

Hakumtuma mtu. Aliubeba mwenyewe kutoka nyumbani kwake, nyumba ya mawe iliyopakana na ua wa shule, akiwa na koti na tai, na ndani ya ungo kulikuwa na maharagwe ambayo mkewe alikuwa amepura jana yake. Wanafunzi wa kidato cha nne wa Shule ya Sekondari ya Harambee ya Gathiru, Kawangware, walikuwa wamepangwa mbele ya ofisi. Mwalimu alisimama kwenye ngazi, akatafuta upepo unatoka upande gani, akapepeta. Alipepeta vizuri, maana alilelewa na mama mkulima. Maganda na vumbi vikaruka, vikawaangukia waliosimama mbele.

"Hizi ni nini?"

"Maharagwe, mwalimu."

"Na hizi?"

"Makapi, mwalimu."

"Makapi huenda wapi?"

"Huenda na upepo, mwalimu."

Hakuna aliyefundishwa majibu hayo. Kila kidato kilikuwa kimeyasikia kutoka kwa kile kilichotangulia, mwezi wa pili wa kila mwaka, kabla ya majina ya watahiniwa kupelekwa mjini. Baada ya jibu la mwisho mwalimu alikabidhi ungo kwa kiranja, akatoa miwani, akaanza kuita majina.

Mwaka wa 1976 jina la kwanza lilikuwa Nafuna Shiundu. Kwa alfabeti hakustahili kuwa wa kwanza. Aliitwa mbele kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wote, na Mwalimu Gachanja alipenda mistari inyooke.

"Nafuna, simama pale kwa lango. Wengine nikiwaita, nyuma yake."

Aliita wengine kumi na mmoja. Mstari ulipokamilika ulikuwa umenyooka kama uzi. "Haya," alisema. "Makapi, fuateni Nafuna." Na kwa kuwa alikuwa ameambiwa aongoze, na alikuwa mtoto mtiifu, Nafuna aliongoza. Aliwatoa wenzake nje ya lango, wakasimama barabarani, bila kujua waende wapi.

Jina hilo halikuishia langoni. Katika Kawangware, kuanzia sokoni hadi mtaa wa Kongo, aliyetolewa Gathiru aliitwa makapi na kila mtu: makanga wa matatu, wauza maziwa, hata watoto ambao hawakuwa wameona ungo ukipepetwa. "Makapi, shika mzigo." "Makapi, chenji yako." Wengi walizoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana. Nafuna hakuzoea.

Ili kumwelewa Gachanja, ni lazima mtu autazame ukuta wake. Ukuta wa darasa la kwanza ulielekea barabara, na juu yake, kwa rangi nyeusi juu ya chokaa nyeupe, kuliandikwa matokeo ya kila mwaka. Mwaka wa 1976: Waliofanya mtihani 19. Waliofaulu 19. Asilimia 100. Mwaka uliofuata asilimia 100 tena. Msafiri aliyepita hapo kwenda Dagoretti alijua kwamba katika vibanda hivi vya mabati kuna shule isiyofelisha.

Siku hizo namba kama hiyo haikuwa jambo dogo. Kati ya watoto waliomaliza darasa la saba, wachache tu ndio waliopata nafasi katika shule za serikali. Bajeti iliposomwa kila mwaka elimu ilikata kipande kikubwa cha nyama, lakini nyama hiyo ilienda kwa shule zilizokuwa na maabara na mabweni tayari. Shule za harambee zililishwa na wazazi wenyewe: jengo kwa mchango, dawati kwa mchango, mwalimu asiye na mafunzo kwa mchango. Matokeo yake yalikuwa kama chakula chake. Katika nyingi, waliopata divisheni ya kwanza hawakuwepo kabisa, na divisheni ya nne na kufeli viligawana darasa. Gathiru peke yake ilikuwa na mia kwa mia. Wenye ploti walileta watoto wao. Mafundi na vibarua kutoka magharibi mwa nchi, waliopanga vyumba kwa wenye ploti hao hao, walileta wao pia. Hata watu wa Kibera, ambao walikuwa na shule karibu zaidi, waliwatembeza watoto hadi Kawangware.

Shiundu, babake Nafuna, alikuwa mmoja wao. Aliishi Gatwekera na kubeba mawe kwenye majengo ya mjini. Binti yake alikuwa akitoka alfajiri, anavuka Ngong Road, anapita Dagoretti Corner, anaingia Gathiru viatu vikiwa mkononi ili visichafuke. Siku ya ungo alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Shiundu hakuwa amepata kazi siku hiyo, na Nafuna alimkuta mlangoni.

"Umefeli?"

"Sijafanya, baba."

"Kama hujafanya, umefelije?"

Nafuna aliviweka viatu chini. Aliyefeli alikuwa na karatasi inayosema amefeli. Angeweza kuionyesha, kuificha, au kuichoma. Yeye hakuwa na kitu cha kuchoma. Kwenye ukuta wa Gathiru hakuwa kati ya waliofaulu, wala kati ya waliofeli, kwa sababu waliofeli hawakuwepo. Miaka mitatu na zaidi ya jasho la babake haikuwa imeandikwa popote. Shiundu aliishi miaka mitatu zaidi, na katika miaka hiyo hakumlaumu binti yake hata mara moja. Alikuwa tu akiuliza lile swali, bila kutaka jibu, akiwa anafua au anavua viatu. "Umefelije?"

Alipozikwa huko kwao Kimilili, Nafuna alikuwa tayari ni fundi wa cherehani Laini Saba, huko huko Kibera. Aliporudi kutoka mazikoni alihama Kibera. Angeweza kufungua kibanda mahali popote Nairobi. Alikifungua ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la Gathiru, akatundika sweta ya bluu mlangoni.

Watu walisema ana akili ya biashara. Alikuwa na akili, lakini biashara haikuwa nia yake.

Mwalimu Gachanja alikuja wiki ya kwanza. Aliishika sweta, akavuta mshono, akaridhika. Akatoa beji ya shule mfukoni: kitambaa cheupe chenye picha ya mwenge, na chini yake neno *Bidii*.

"Hizi nitakuwa nakuletea. Mtoto haingii kwangu bila beji kifuani. Umeelewa, fundi?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Alimtazama usoni, kwa upole, kama mtu anayejaribu kuwa jirani mwema. "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kibera," alisema Nafuna.

"Kibera ni mbali," alisema mwalimu, akaondoka.

Nafuna alikaa na mkasi mkononi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa aibu, hata kwa msamaha. Hakuwa amejiandaa kwa mtu aliyemsahau. Tangu siku hiyo chuki yake, ambayo ilikuwa imetawanyika kama moshi, ilipata mahali pa kukaa.

Kila mwezi wa kwanza alivisha kidato cha kwanza. Kila mwezi wa pili, baada ya ungo, waliotolewa kidato cha nne walianza kurudi, mmoja mmoja, kwa aibu, sweta zikiwa zimekunjwa ndani ya mfuko. Sweta ya bluu bila beji ingeweza kuuzwa kwa mtoto wa shule nyingine. Nafuna alizinunua. Alichukua wembe, akakata uzi pole pole bila kutoboa kitambaa, akatoa beji, akaitupa ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo uliokuwa chini ya cherehani.

Mwaka wa 1981 alikuja kijana mnene mwenye mabega ya mzee.

"Fundi, niaje. Nitolee hii kitu. Naitwa makapi mpaka stage ya matatu."

"Wewe si Mburu? Mtoto wa Wakarima?"

"Ndio mimi."

"Wakarima si dada ya mwalimu?"

"Ndugu yake wa tumbo moja." Mburu alicheka, lakini macho hayakucheka. "Mathe alienda kumpigia magoti. Anko akamwambia ungo haujui ukoo."

Nafuna alimkatia beji, akampa pesa yake. Mburu alipofika mlangoni aligeuka.

"Hizo beji unafanyia nini?"

"Naweka."

"Za nini?"

"Wewe enda ukafanye kazi," alisema Nafuna. "Usiende mbali sana."

Mburu alienda kugonga majiko ya makaa Laini Saba, kando ya reli. Hakuenda mbali. Wengi hawakuenda mbali, na hili lilikuwa jambo ambalo Gachanja, kwa hesabu zake zote, hakulifikiria. Aliyefaulu Gathiru alichukua cheti chake akaondoka: karani wa benki Nakuru, mwalimu Machakos, nesi Eldoret. Cheti ni miguu. Asiye nacho hubaki alipotolewa. Alichoma mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, sokoni, aliosha magari Dagoretti Corner, alipika pombe ya chang'aa, alishona viatu. Ungo wa Gathiru ulifanya kinyume cha ungo mwingine wote duniani. Upepo ulichukua punje, makapi yakabaki uani.

Gachanja alistaafu mwisho wa mwaka wa 1987, baada ya kidato cha nne cha mwisho cha mfumo wa zamani. Mwaka uliofuata hakukuwa na mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu watoto wa mfumo mpya walikuwa bado kidato cha tatu. Shule ilikuwa imetulia kama jikoni baada ya karamu. Ni wakati mzuri kwa mtu anayetaka kuandika jina lake, na Gachanja alitaka mambo mawili. Alitaka kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya shule, na alitaka shule iitwe Naftaly Gachanja Secondary. Bango lilikuwa tayari kwa mchoraji.

Huo ulikuwa mwaka wa mlolongo. Siasa ilikuwa imefundisha watu kuchagua kwa kupanga foleni nyuma ya mtu wanayemtaka, na tabia hiyo ikaingia kila mahali. Hata mweka hazina wa kwaya alichaguliwa kwa mlolongo. Afisa wa elimu alisema mwenyekiti wa Gathiru achaguliwe vivyo hivyo, uwanjani, watu wakihesabiwa kwa macho. Shida ya Gachanja ilikuwa wazazi. Wengi walikuwa wapangaji, na wapangaji walikuwa na kinyongo juu ya michango ya maabara ambayo ilikuwa imechangwa mara tatu na kujengwa nusu. Basi katika mkutano wa kupanga uchaguzi alisimama akazungumza vizuri sana.

"Mpangaji leo yuko hapa, kesho kahamia Kangemi," alisema. "Shule si ya anayepita. Shule ni ya watoto wake. Wachague wanafunzi wa zamani wa Gathiru. Na ili tusidanganywe na watu wa barabarani, kila mtu aje na beji ya shule kifuani. Bila beji, hakuna mlolongo."

Wenye ploti walipiga makofi. Afisa aliandika. Hakuna aliyeuliza kama kuna beji nyingine zaidi ya zile alizokuwa akizifikiria yeye.

Nafuna alisikia habari hiyo jioni kutoka kwa Nereah, aliyeuza sukuma wiki karibu naye na ambaye mtoto wake alikuwa kidato cha pili pale pale Gathiru. Aliacha kukanyaga cherehani. Aliinama, akavuta mkebe kutoka chini, akaumwaga mezani. Mkebe mmoja ulikuwa umekuwa mitatu.

"Mama Khamala," alisema Nereah, ambaye, kama majirani wote, alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Hizo ni nini?"

"Wanafunzi wa zamani."

Nereah alizitazama beji, akamtazama yeye, akaelewa. "Wewe. Na unataka nani awe mwenyekiti?"

"Mimi."

"Unataka uenyekiti, ama unataka kumuona mzee wa watu akiaibika?"

"Uenyekiti nitaupata njiani, nikienda kwenye hilo la pili."

"Huyo mtu ni mzee sasa, dada. Muachie Mungu."

"Mungu ana watu wengi," alisema Nafuna. "Huyu ni wangu."

Hakutuma barua kwa mtu. Alimtafuta Mburu Laini Saba, akamkuta akigonga bati.

"Ile beji yako iko."

Mburu aliweka nyundo chini. Alisikiliza hadithi nzima, kisha akacheka mpaka mafundi wenzake wa jua kali wakageuka. "Maze. Kwa hivyo Anko ametuita yeye mwenyewe."

Neno lilipita kama moto wa nyasi kavu. Wiki hiyo kibanda cha Nafuna kilijaa watu wazima waliosimama kifua mbele kama watoto wa kidato cha kwanza. Alimshonea muuza mutura beji juu ya aproni yake nyeupe. Alimshonea mama mmoja juu ya leso, mwingine juu ya koti la marehemu mumewe. Kondakta alitaka ya kwake kwenye kofia, Nafuna alikataa. "Mwalimu alisema kifuani."

Jumamosi ya uchaguzi kulikuwa na jua, na upepo kidogo kutoka upande wa Ngong. Gachanja alikuja na suti ya kahawia. Nyuma yake walisimama watu wake, na walikuwa watu wa kupendeza: karani kutoka Nakuru, nesi wawili, mhasibu aliyekuja na gari, wote na beji zilizopigwa pasi. Kulikuwa na watu hamsini hivi. Gachanja aliwahesabu kwa macho, akatabasamu. Alikuwa ametarajia zaidi, lakini barabara ya Eldoret ni ndefu.

Kisha lango lilifunguliwa na Nafuna akaingia.

Aliingia peke yake kwanza, mrefu, na beji juu ya gauni. Alisimama pale pale aliposimama miaka kumi na miwili iliyopita. Mburu akaja akasimama nyuma yake. Kisha muuza mutura. Kisha wengine, wa kila kidato, na kila aliyeingia alisimama nyuma ya aliyetangulia, bila kuelekezwa, kwa sababu walikuwa wamefundishwa uwanja huu huu. Mstari ulifika ukuta wa matokeo, ukakunja kona, ukaendelea nyuma ya choo. Kila upande wa kona ulikuwa umenyooka.

Gachanja aliutazama. Alimwona mpwa wake akiwa wa pili kutoka mbele, na Mburu akamwinulia kidole gumba.

"Bwana afisa," alisema Gachanja. "Hawa si wanafunzi wa zamani."

"Wana beji, mwalimu."

"Hawakumaliza."

"Sheria yako ilisema beji. Haikusema kumaliza." Afisa alikuwa mtu mwangalifu, asiyependa kurudia kazi Jumatatu. Alifungua faili yake. "Lakini nisaidie hapa. Hawakumaliza kwa nini? Maana mimi nimeandika kwamba Gathiru haikuwahi kufelisha mtu. Hawa wote walienda wapi?"

Hili ndilo Nafuna alilokuwa akilingoja tangu beji zilipomwagwa mezani. Gachanja alikuwa na majibu mawili. Angesema kwamba watu hawa hawakuwahi kuwa wanafunzi wake, na beji zake mwenyewe zingemsuta. Au angesema kwamba aliwatoa kabla ya mtihani, mwaka baada ya mwaka, na namba mia iliyokuwa ukutani nyuma yake ingekufa hapo hapo, mbele ya afisa wa serikali na karani wa Nakuru. Alichagua namba. Alikaa kimya ili namba iishi, na kwa kukaa kimya akapoteza kiti.

Afisa alihesabu. Nyuma ya Gachanja: hamsini na wawili. Nyuma ya Nafuna: mia moja na thelathini na mmoja.

Watu walianza kutawanyika, lakini Nafuna alibaki mbele ya mstari, na mstari ukabaki naye.

"Mwalimu," alisema. "Makapi huenda wapi?"

Mtu alicheka nyuma ya choo. Afisa alitazama saa. "Mama, tumemaliza."

"Ngoja kidogo, bwana afisa. Nimemuuliza mwalimu swali. Sisi tulikuwa tunajibu."

Mzee alivua miwani akaifuta na tai. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ya chini, ambayo watu wa mbele tu ndio walioisikia.

"Nafuna," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kutamka jina hilo tangu siku ya ungo. Kwa miaka tisa alikuwa amemwita fundi.

"Kwa hivyo unanikumbuka."

"Nilikukumbuka siku ile ile uliyofungua kibanda. Nilikuuliza unatoka wapi ili ujue hatutalizungumza." Aliivaa miwani tena. "Wewe ulikuwa na divisheni ya tatu. Labda. Ningekuacha, labda ungepita. Lakini shule ya harambee haiwezi kuishi kwa labda. Wazazi wangetoa watoto. Milango ingefungwa."

Mburu, aliyesikia, alishusha pumzi. Baadaye alisema kwamba kama ingekuwa yeye, hapo angemwacha mzee. Maana mtu ameshindwa, amekiri, ana miaka yake sitini na kitu, jua linampiga kichwani. Watu waliokuwa karibu walimtazama Nafuna wakingoja aseme neno la kumalizia, neno la kumfungua.

Nafuna alikuwa akifikiria mtu aliyekuwa akivua viatu Gatwekera na kuuliza swali lisilo na jibu. Jibu lilikuwepo kumbe. Lilikuwa ng'ambo ya barabara, likimletea beji kila Januari.

"Sasa naweza kumwambia baba," alisema, "lakini ulinichelewesha."

Akageuka, akawaongoza watu wake hadi lango. Safari hii waligawanyika wenyewe. Kila mtu alijua anakoenda.

Jambo la kwanza alilofanya katika halmashauri halikuwa maabara. Mchoraji wa bango alikuwa tayari ameshapata malipo ya awali, kwa hiyo alipewa kazi nyingine. Jina la shule lilibaki Gathiru. Ukutani, mbele ya kila mstari, Nafuna alimwagiza aongeze neno moja: *Walioanza*. Mwaka wa 1976: Walioanza 40. Waliofanya mtihani 19. Waliofaulu 19. Asilimia 47 na nusu. Mwaka wa 1987: Walioanza 44, waliofanya 23, waliofaulu 23, asilimia 52. Alitaka asilimia mia zifutwe kwa rangi nyembamba, ili mtu akikaribia azione chini, na mchoraji akafanya hivyo.

Nyumba ya mzee ilipakana na ua, na dirisha lake liliutazama ukuta huo. Kila asubuhi alipofungua dirisha ulikuwepo.

Wazazi walilalamika. Baadhi walihamisha watoto. Nereah alikuja kibandani na hasira ambayo hakujaribu kuificha.

"Sasa mtoto wangu anasoma shule ya asilimia hamsini. Umefurahi?"

"Alikuwa anasoma shule ya asilimia hamsini tangu jadi. Hukuwa umeambiwa."

"Wewe roho yako ni ngumu, Mama Khamala."

"Ndiyo," alisema Nafuna, akakata uzi kwa meno.

Januari iliyofuata Gachanja alivuka barabara. Alikuwa amekonda, na alimshika mkono msichana wa miaka kumi na minne, mjukuu wake Mumbi, aliyekuwa akiingia kidato cha kwanza. Angeweza kumpeleka kwa fundi mwingine. Lakini fundi wa Gathiru alikuwa mmoja, na mzee hakutaka ionekane kwamba anaogopa kibanda cha mabati.

"Fundi," alisema.

"Mwalimu."

Nafuna alimpima msichana mabega, akampima mikono, akaandika kwa chaki mezani. Hakuwa na ukali wala upole. Alimuuliza anapenda somo gani.

"Kiswahili," alisema Mumbi.

"Hesabu inamsumbua kidogo," alisema Gachanja, kana kwamba neno hilo lilimtoka kabla hajalishika.

Nafuna alichukua sweta mpya, akaweka beji kifuani, akaanza kuishona kwa mkono. Hakutumia cherehani. Alizungusha uzi mara moja, akazungusha mara ya pili, akavuta kila mshono mpaka kitambaa kikajikunja, na wote wawili walisimama wakimngoja.

"Atafanya mtihani wa kidato cha nne," alisema bila kuinua kichwa. "Apite asipite. Akipata sufuri, sufuri yake itaandikwa ukutani na itasomeka kutoka dirishani kwako."

Alifunga fundo, akakata uzi, akampa mzee sweta.

"Na hiyo beji nimeishona mara mbili. Siku ukitaka kuitoa, mwalimu, itabidi ukate nguo."